MNG'ARO WA MOTOKAA KUUKUU NA MAPAFU YA FUNDI

Ndugu wafanyakazi, tumezoea kuandika katika ukurasa huu juu ya mashine za viwandani, miwa na majani ya chai. Safari hii tunaandika juu ya kazi ambayo wengi wetu huiona kando ya barabara kila siku bila kuihesabu kuwa ni ufundi, nayo ni kazi ya kusafisha na kurudisha rangi ya motokaa iliyokwisha kutumika. Tuna sababu mbili. Kwanza, wafanyakazi wengi siku hizi huchanga fedha, ama katika vyama vya akiba na mikopo, ama watu watatu wanne waaminianao, wakanunua motokaa kuukuu ya kufanyia biashara, na wengi wao hudanganywa na mng'aro. Pili, wanaoutengeneza mng'aro huo ni wafanyakazi kama sisi. Wengi wao ni vijana wa ujira mdogo, hawana chama, na huvuta sumu kifuani kila siku ya kazi.

Tumeichagua Ediofe kuwa mfano. Ediofe, kilima chenye kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Arua, ni sehemu ya mji wa Arua uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Kutoka hapo hadi Kampala ni karibu kilomita 500, lakini mpaka wa Kongo uko jirani kabisa, na ukishika barabara ya Koboko utafika Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini. Motokaa zinazofika huko zimetembea mbali. Nyingi zilitumika kwanza Japani, zikapandishwa meli, zikashushwa Mombasa, zikaendeshwa nchi kavu hadi Kampala, ndipo zikavuka mto Nile kwenda West Nile. Nyingine ni zile Land Cruiser nyeupe za mashirika yanayowahudumia wakimbizi wa Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi, ambazo zikichoka huuzwa.

Watu wa West Nile si wageni katika historia ya mfanyakazi wa Uganda. Wazee wao wengi walipanda malori kwenda kukata miwa katika mashamba ya Lugazi na Kakira. Leo mjukuu wa mkata miwa huenda yuko bandani, ameshika kitambaa na karatasi ya msasa. Kifaa kimebadilika, lakini swali ni lile lile: jasho ni la nani, na faida ni ya nani?

RANGI YA MOTOKAA NI KITU GANI

Rangi ya kiwandani ina tabaka nyingi. Bati la motokaa hutumbukizwa kwanza katika dawa ya kuzuia kutu, juu yake hupakwa praima, juu ya praima hupakwa rangi yenyewe, na juu kabisa hupakwa vanishi angavu isiyo na rangi. Kwa motokaa nyingi tabaka zote pamoja zina unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi, na vanishi peke yake ni kama mikroni 40. Mikroni 1,000 ndizo milimita moja, na unywele mmoja wa mtu ni kama mikroni 70. Maana yake ni kwamba mng'aro wote wa motokaa umo katika ngozi nyembamba kuliko unywele.

Watu husema motokaa imefifia kwa kukosa mafuta ya kupaka. Sivyo. Imefifia kwa kuwa vanishi imejaa mikwaruzo midogo isiyohesabika, na nuru ikianguka juu yake hutawanyika ovyo badala ya kurudi pamoja machoni. Fundi anapoing'arisha haongezi kitu. Anapunguza. Anaisugua ngozi ile mpaka anafikia kina cha mikwaruzo, uso unakuwa sawa, nuru inarudi.

Kutokana na hayo tupate mambo mawili. La kwanza, kazi hii haiwezi kurudiwa kila mwaka, maana kila mara unakula mtaji. La pili, mkwaruzo unaokwama ukucha ukiupitisha juu yake kwa kawaida ni mrefu kwenda chini kuliko vanishi, na fundi mwaminifu atakuambia ya kuwa atapunguza kuonekana kwake, hataumaliza.

HATUA ZA KAZI

Kazi huanza kwa maji, na hapa ndipo wengi huharibu. Vumbi jekundu la barabara za murram ni mchanga mtupu. Anayeifuta motokaa yenye vumbi kwa kitambaa kikavu anaipiga msasa kwa mkono wake mwenyewe. Kwanza yafaa kumwaga maji mengi, vumbi lishuke lenyewe. Halafu ziwepo ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga uliotoka usirudi juu ya bodi. Motokaa isimame kivulini na bati liwe limepoa. Sabuni kali ya unga ya kufulia nguo haifai, kwa kuwa huondoa nta yote iliyokuwa ikilinda rangi.

Baada ya kuosha yabaki yale yasiyotoka kwa sabuni, kama matone ya lami, utomvu wa miti na chembe za chuma kutoka breki. Lami huondolewa kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, kisha mahali pale paoshwe upesi. Chembe zilizozama huvutwa kwa udongo maalumu wa kusafishia unaoteleza juu ya maji ya sabuni. Udongo huo ukianguka chini hutupwa, maana umeshika mchanga. Mavi ya ndege yasingoje siku ya kuosha. Jua la mchana huyafanya yale vanishi, na alama yake haiondoki.

Ndipo fundi hutazama. Huchukua taa au kurunzi, akaiangaza kwa upande, akaona ramani yote ya mikwaruzo. Hufunika kwa utepe wa karatasi pembe kali, mipira ya madirisha na kingo za milango, kwa sababu pembeni rangi huwa nyembamba kuliko popote. Kisha hujaribu mahali padogo, kiasi cha sahani, kwa dawa ya kusugulia iliyo dhaifu kuliko zote. Ikitosha, hana haja ya kali. Ikiwa haitoshi, hupanda ngazi moja. Anayeanza na dawa kali ili amalize mapema anakula ngozi bila sababu.

Mikwaruzo mizito hupigwa msasa wa maji, namba 2000, halafu 3000, kwa mkono mwepesi na maji yasiyokatika. Namba ikiwa ndogo karatasi huwa kali zaidi, na 1500 si ya mwanafunzi. Baadaye huja mashine ya kuzunguka, ambayo kwa kazi hii huendeshwa kati ya mizunguko 1,200 na 1,800 kwa dakika. Kanuni yake ni moja: isisimame mahali pamoja. Fundi hugusa bati kwa mgongo wa mkono. Likiwa la moto kiasi cha kutovumilika, aache lipoe, la sivyo rangi itaungua na kazi ya siku mbili iwe hasara. Mwisho hupita kwa dawa laini, hufuta, hupaka nta. Nta haiponyi mkwaruzo. Inalinda tu, tena kwa majuma au miezi michache, kisha hupakwa upya.

Kuna jambo la kuangalia kwanza katika motokaa za zamani sana na malori. Nyingine hazina vanishi, rangi ni moja tu. Ukisugua mahali padogo kwa kitambaa cheupe na kitambaa kikashika rangi ya motokaa, ujue ni hiyo. Hung'arika vizuri, lakini kila mpito wa kitambaa unachukua rangi yenyewe.

Tumetaja zile Land Cruiser za mashirika. Ukibandua karatasi ya nembo mlangoni, gundi hutoka kwa mafuta na subira, lakini nembo yenyewe mara nyingi hubaki kama kivuli. Si kwamba imechora rangi. Mahali pale palifunikwa miaka mingi, jua halikupagusa, na rangi ya pembeni ndiyo iliyochakaa. Fundi husugua sehemu iliyochakaa mpaka ikaribiane na ile iliyofichwa. Wakati mwingine havifanani kabisa, na motokaa huendelea kubeba jina la bwana wake wa kwanza.

UZURI WA MKAKASI

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mfanyakazi anayetaka kununua motokaa na auweke msemo huu mfukoni pamoja na fedha zake.

Kuna maradhi ambayo kung'arisha hakuwezi kuyatibu. Vanishi iliyoanza kubanduka kama ngozi iliyoungua jua haitengenezeki kwa kusugua, bali sehemu ile lazima ipigwe rangi upya. Malengelenge chini ya rangi ni kutu iliyoko tayari kazini, na anayeyafunika kwa puti na rangi anaifungia kutu chumbani ile kwa raha zake. Motokaa zilizotoka sehemu za theluji za Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, huenda zikang'aa juu na kuoza chini. Kwa hiyo inama, lala chini, tazama sakafu na fremu.

Chukua kipande cha sumaku kilichofungwa kitambaa na ukipitishe pole pole juu ya bodi. Kikilegea mahali, chini yake kuna puti nene, na puti nene ina habari ya ajali. Tazama mipira ya madirisha: ikiwa na vumbi la rangi, motokaa ilipulizwa bila kufungua kitu. Tazama vichwa vya bolti za boneti na milango: rangi iliyochubuka ni alama ya spana.

Aidha, mwulize mwuzaji karatasi ya mnada ya Japani. Mchoro wa motokaa uliomo hutiwa herufi. A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali palipotengenezwa pakabaki na mawimbi, S ni kutu, X ni sehemu inayohitaji kubadilishwa, na XX ni iliyokwisha kubadilishwa. Daraja la R lina maana kwamba motokaa ilitengenezwa baada ya kugongwa. Mwuzaji akisema karatasi imepotea, nawe usiwe na haraka ya kupoteza fedha zako.

Tukumbuke pia sheria. Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza nchini magari yaliyozidi miaka 15 tangu kutengenezwa. Kenya haipokei yaliyozidi miaka 8. Kwa hiyo zile zilizozeeka zaidi zimekwisha kuwamo nchini. Zitauzwa na kuuzwa tena, na kila zikiuzwa zitapelekwa bandani zikang'arishwe. Kazi hii haiishi kesho. Ndiyo sababu ya kuuliza habari za wanaoifanya.

MAPAFU HAYANA VIPURI

Ukizunguka katika mabanda ya mafundi wa rangi, iwe Ediofe, iwe Kampala, utaona mambo yanayofanana. Fundi anapuliza rangi akiwa amejifunga kitambaa puani, wala hana kingine. Mikono inaoshwa kwa petroli au kwa yale mafuta ya kuchanganyia rangi, ambayo mafundi huyaita thina. Chakula kinaliwa pale pale penye vumbi la msasa. Jioni fundi hunywa maziwa, akiamini yatamsafisha kifua.

Ndugu zetu, tuseme bila kuficha. Maziwa huenda tumboni. Sumu huenda mapafuni. Njia hizo mbili hazikutani. Maziwa ni chakula kizuri, lakini si dawa ya rangi.

Rangi na vanishi nyingi za kisasa za motokaa huchanganywa na dawa ya kugandisha. Ndani ya dawa hiyo mna kemikali ziitwazo aisosayaneti. Ukipulizwa, ukungu wake hubaki hewani hata baada ya macho kutouona, na fundi anayevua barakoa mara tu bunduki ya rangi inaponyamaza huuvuta wote. Kemikali hizi ni miongoni mwa sababu kubwa za pumu ya kazini duniani. Huanza kwa kikohozi, kifua kubana na pumzi kukatika, mara nyingi jioni au usiku, wakati fundi yuko nyumbani na hafikirii kazi. Akipumzika siku chache hupata nafuu, akirudi kazini humrudia. Mwili ukishaikataa kemikali hii, hata kiasi kidogo sana huleta shambulio, na fundi huyo hana budi kuacha kupuliza. Kitambaa hakizuii ukungu huu, wala barakoa ya karatasi ya kuzuia vumbi. Kinga iliyo kamili ni kofia au barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka mahali penye hewa njema.

Hatari haiishi hapo. Mwaka 1989 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani, IARC, liliiweka kazi ya upakaji rangi katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Rangi za zamani, hasa za manjano na machungwa, huenda zina risasi. Ukizipiga msasa mkavu, vumbi hushika nguo, nguo huenda nyumbani, na mtoto anayempokea baba mlangoni hupata sehemu yake. Katika mkutano wa mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 13 juu ya rangi nyeupe ya risasi, uliowakataza vijana wa chini ya miaka 18 kufanya kazi za kupaka rangi hiyo viwandani. Zaidi ya miaka 100 imepita. Hoja hii si ngeni, ila imesahauliwa.

Anayeng'arisha tu naye ana mashaka yake, japo madogo kuliko ya mpulizaji. Vumbi la dawa ya kusugulia huingia puani na machoni. Mashine hutetemesha mikono saa nyingi mpaka vidole vikafa ganzi. Waya wa umeme huburutwa juu ya maji ya kuoshea. Mambo haya yanazuilika kwa gharama ndogo: msasa wa maji badala ya mkavu, miwani, glavu, waya uliofungwa juu, mapumziko, na mahali pa kulia chakula mbali na kazi.

SHERIA IKO UPANDE GANI

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama au kuingia katika chama, na inalitaka Bunge litunge sheria za kazi salama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, wala asimdai malipo yake. Sheria ya fidia ya mwaka 2000 inahusu maradhi yatokanayo na kazi pamoja na ajali. Tangu sheria ya NSSF iliporekebishwa mwaka 2022, kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, anapaswa kumchangia: mfanyakazi asilimia 5 na mwajiri asilimia 10. Na mwezi Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliihesabu kazi salama kuwa miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi.

Maneno haya ni mazuri, lakini bandani hayajafika. Kijana hulipwa kwa motokaa. Zisipokuja motokaa halipwi. Akiunguza rangi hukatwa, ingawa sheria ya ajira haimruhusu mwajiri kukata ujira wa mtu apendavyo. Hana barua ya kazi, kwa hiyo akianza kukohoa hakuna pa kushitaki. Kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, fedha ambazo leo hazinunui hata kopo moja la dawa ya kusugulia. Bunge lilipitisha mswada wa kima kipya mwaka 2019, Rais akakataa kuutia saini.

TUFANYE NINI

Wako watakaosema hawa si wafanyakazi wa kiwanda, chama kina haja gani nao? Jibu tunalo katika historia yetu wenyewe. Vyama vya wafanyakazi Uganda vilianzia katika motokaa: mwaka 1938 iliundwa jumuiya ya madereva, na mizizi ya chama cha leo cha wafanyakazi wa uchukuzi, ATGWU, imo humo. Madereva wale nao waliambiwa ya kuwa kila mtu ana gari lake na shida zake. Katika miaka ya 2010 chama hicho hicho kiliwafungulia mlango waendesha pikipiki na mateksi, watu wasio na mwajiri mmoja. Kama mwenye bodaboda ana nafasi chamani, fundi wa rangi naye ana nafasi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, mafundi wa banda moja na la jirani wachange wanunue vifaa vya hewa safi pamoja, wavitumie kwa zamu, na wakubaliane ya kuwa asiyevaa hapulizi. Pili, matawi ya vyama katika miji kama Arua na Koboko yawatembelee mafundi hawa, yawafundishe kujiandikisha NSSF, hata wanaojiajiri kwa michango ya hiari, na yawaelimishe juu ya fidia. Tatu, sisi wenyewe tunaopeleka motokaa zetu bandani tuache kubana bei mpaka senti ya mwisho. Unapopunguza bei ya kupiga rangi bila kuuliza itapunguzwa wapi, mara nyingi itapunguzwa katika barakoa.

Ukienda bandani, usiulize bei peke yake. Uliza pia, fundi, barakoa yako iko wapi? Ukimkuta anayo, mlipe vizuri, maana mtu anayejihadhari na mapafu yake kwa kawaida hujihadhari na rangi yako pia. Usipomkuta nayo, kaa naye kidogo umweleze uliyoyasoma humu. Mlango wa motokaa ukiharibika hununuliwa mwingine Kampala ukaletwa kwa basi. Mapafu hayauzwi dukani.

Umoja wetu ndio ngao yetu.